Nani Alitangulia? Leseni ya Utafutaji na Wachimbaji Wadogo wa Bulyanhulu, 1994–1996

Natoka Butare, wilaya ya Rusizi, si mbali na msitu wa Nyungwe, ambako watu walichimba dhahabu kwa miaka mingi. Nimekua na swali moja: aliyetangulia kuchimba ana haki gani mbele ya aliyepewa leseni ya kutafuta? Nimelichunguza kupitia historia ya jirani zetu wa Tanzania.

Wachimbaji wadogo walifika Bulyanhulu, Kahama, katika miaka ya 1970. Sheria ya Madini ya mwaka 1979 iliyaweka madini mikononi mwa serikali na kumtaka kila mchimbaji awe na leseni. Wengi hawakuwa nayo. Agosti 1994 kampuni ya Kahama Mining, iliyomilikiwa na Sutton Resources ya Kanada, ilipewa leseni ya utafutaji katika eneo hilohilo. Leseni ya namna hiyo ni ya kutafuta na kupima, si ya kufungua mgodi. Hata hivyo, iliwafanya waliokuwa mashimoni waonekane wavamizi.

Mwaka 1995 kampuni iliiomba Mahakama Kuu, Tabora, iwaondoe wachimbaji, lakini haikupata amri hiyo. Tarehe 30 Julai 1996 serikali yenyewe ikawatangazia waondoke. Wachimbaji walipata zuio la mahakama, lakini Agosti hiyo mashimo yalifukiwa. Ilidaiwa kwamba watu zaidi ya 50 walifukiwa humo wakiwa hai. Serikali na kampuni zilikanusha. Mwaka 2002 ofisi ya Benki ya Dunia inayopokea malalamiko ilisema madai hayo hayakuwa na msingi, jambo ambalo watetezi wa wachimbaji walilipinga.

Wapo wanaosema asiye na leseni hana hoja. Nakubali kwamba mwekezaji anahitaji uhakika wa eneo lake. Lakini kwa maoni yangu, kosa lilikuwa kutoa leseni kana kwamba ardhi ilikuwa tupu. Huko Australia Magharibi, mtu mwenye kibali anaweza kutafuta dhahabu kwa vifaa vya mkono ndani ya eneo la leseni ya utafutaji ya kampuni, kwa muda usiozidi miezi 3. Kanuni zinaonyesha mipaka ya kila mmoja.

Kwa hiyo, tarehe ya leseni peke yake haitoshi kujibu nani alitangulia. Kabla ya kutia saini, ofisa angefika kwanza kuyahesabu mashimo na kuwauliza walio ndani yake.