Kaburi la Yago

Kwenye boma letu kule Siaya kuna kaburi ambalo halina mtu. Nikiwa mdogo nilidhani ni stori ya kututisha tusichezee pale. Dani, nyanya yangu, ndiye aliyeniambia ukweli alioachiwa na mama mkwe wake: "Humo walizika yago."

Yago ndio mti ambao kwa Kiswahili ni mvungunya. Wakikuyu huuita muratina, na tunda lake ndilo huchachusha pombe ya jina hilohilo. Wanasayansi huuita Kigelia africana, na kwenye jenasi yake uko peke yake, hauna ndugu. Hata jina Kigelia limetoka vinywani mwa watu wa Msumbiji. De Candolle alilichapisha tu. Maua yake mekundu hufunguka usiku, popo wakaja kunywa. Tunda huning'inia kwenye kikonyo kirefu kama kamba, na laweza kufika sentimita 60 na kilo kadhaa. Ukilibeba, mikono inahisi kama umebeba mtoto.

Mjaluo akipotelea mbali na mwili usipatikane, familia huzika yago mahali pake.

Babu ya babu yangu alichukuliwa 1917. Mwaka huo John Ainsworth alisimamia msako mkubwa wa wanaume wa kubebea jeshi la Waingereza mizigo, likipigana na Wajerumani katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Walibeba chakula na risasi, kwa miguu. Makumi ya maelfu hawakurudi. Wengi waliuawa na kuhara damu, malaria na njaa. Kikosi chao, Carrier Corps, ndicho kilichoacha jina la Kariokor hapa Nairobi na Kariakoo kule Dar.

Kabla karo inishinde niache chuo, niliandika haya kwenye insha. Mhadhiri akaniuliza ushahidi uko wapi. Jina la babu halimo kwenye orodha yoyote niliyopata, kwa hivyo nilinyamaza.

Leo ningemjibu. Serikali ilimchukua bila kujali jina lake, lakini kuna watu waliomhesabu. Walichuma tunda, wakalichimbia kaburi, wakalilia kama mtu. Hilo nalo ni rekodi, ila imeandikwa kwa jembe.

Desemba nikienda ushago nitalipalilia. Dani magoti yamechoka, na ameshanionyesha mipaka yake.