Akhwari na Shahanga: Olimpiki iliwatesa, Jumuiya ya Madola ikawabeba

Ukitaja jina la John Stephen Akhwari, wengi hukumbuka picha moja tu: mkimbiaji mwenye bandeji mguuni, anachechemea kuingia uwanjani usiku, Mexico City, Oktoba 20, 1968. Wachache wanajua kwamba chini ya miaka miwili baadaye mtu huyohuyo, mzaliwa wa Mbulu, alikuwa wa tano kwenye marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola.

Tuanze na Mexico. Jiji lile liko takriban mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, hewa yake nyepesi, na hata mtu aliyekulia kwenye vilima vya Mbulu ilimsumbua. Misuli ilimkaza. Halafu, kabla ya nusu ya mbio, akagongana na wenzake wakigombea nafasi, akaanguka. Goti likateguka, bega likaumia. Akafungwa bandeji, akaendelea.

Walianza wakimbiaji 75, wakamaliza 57. Akhwari ndiye alikuwa wa 57, kwa saa 3:25:27. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alikuwa ameshamaliza zaidi ya saa nzima kabla yake, kwa saa 2:20:26, na medali zilikuwa zimeshagawiwa. Alipoulizwa kwa nini hakuacha tu, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali kote kule aende kuanza mbio, bali akazimalize.

Sasa njoo Edinburgh, Uskoti, Julai 1970. Ron Hill wa Uingereza alishinda kwa saa 2:09:28. Akhwari akawa wa tano kwa saa 2:15:05, yaani saa moja na dakika kumi pungufu ya muda wa Mexico. Huyo ndiye Akhwari mzima, asiye na jeraha. Ila nafasi ya tano haina medali, na ile mbio haikupata picha ya kusambaa duniani.

Wilaya ya jirani, Hanang, ilimtoa Gidamis Shahanga, mzaliwa wa Katesh. Mwaka 1978 kule Edmonton, Kanada, akiwa kijana wa miaka 20, aliibuka bingwa wa marathoni ya Jumuiya ya Madola kwa saa 2:15:40, mbele ya mwenyeji Jerome Drayton.

Linganisha kidogo hapo. Muda uliompa Akhwari nafasi ya tano mwaka 1970 ni bora kwa kama sekunde 35 kuliko uliompa Shahanga dhahabu. Kweli, njia si ileile na hali ya hewa si ileile, lakini ndiyo marathoni ilivyo: umekutana na nani siku hiyo ni nusu ya habari.

Shahanga mwenyewe aliliona hilo kwenye Olimpiki. Moscow 1980 alikimbia saa 2:16:47, dakika moja na kidogo tu nyuma ya muda wake wa dhahabu. Akawa wa 15! Na hapo Kenya na Marekani zilikuwa zimesusia. Los Angeles 1984 akatumia saa 2:16:27, muda bora kuliko wa Moscow, nafasi ikashuka hadi ya 22.

Sababu haijifichi. Ethiopia, Japan, Ureno na Ujerumani zote haziko Jumuiya ya Madola, na huko ndiko walikotoka vigogo wengi wa marathoni wa enzi hizo. Bingwa wa Moscow alitoka Ujerumani Mashariki, wa Los Angeles alitoka Ureno.

Katikati ya Olimpiki hizo mbili, Shahanga alirudi kwenye michezo iliyomzoea. Brisbane, Australia, 1982, alichukua dhahabu ya mita 10,000 kwa dakika 28:10.15, Mtanzania mwenzake Zakaria Barie akiwa wa pili kwa chini ya nusu sekunde. Siku chache baadaye akaingia tena kwenye marathoni, akaongoza na Juma Ikangaa kwa kasi ya kutisha, miguu ikagoma, akamaliza wa sita. Ikangaa akapata fedha.

Kwa hiyo Hanang ina dhahabu mbili za Jumuiya ya Madola kupitia mtu mmoja. Lakini aliyepewa nishani ya shujaa wa taifa mwaka 1983, akaalikwa Olimpiki ya Sydney 2000, na kuwa miongoni mwa waliobeba mwenge wa Beijing ulipopita Dar es Salaam Aprili 2008, ni yule wa Mbulu aliyemaliza wa mwisho.