Samaki wa madimbwi ya mvua: kuangua na kulea vifaranga

Samaki wa madimbwi ya mvua (Nothobranchius) ni visamaki vya Afrika vinavyoishi katika madimbwi yanayokauka kila kiangazi, yakiwamo ya bonde la Ruvuma. Dimbwi likikauka wazazi hufa. Mayai hubaki topeni yakingoja mvua ya msimu ujao. *N. guentheri* wa Unguja, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1893, hufugwa sana majumbani.

Yai la samaki wa upinde wa mvua wa Australia likikauka ndiyo basi. La samaki wa madimbwi ya mvua linahitaji ukavu huo. Jike hutaga ndani ya bakuli la unga wa makumbi ya nazi uliochemshwa. Mfugaji huukamua mpaka usidondoshe tone, huufunga katika mfuko wa plastiki, huandika tarehe, kisha husubiri miezi kama 3. Hapa ndipo wengi hushindwa, kwa papara tu. Yai lililoiva huonyesha jicho jeusi lenye pete ya dhahabu. Kabla ya hapo, kulimwagia maji ni kulipoteza.

Maji ya kuangulia yawe baridi kidogo, kina cha sentimita 5 hivi. Vifaranga hutoka baada ya saa chache. Wanaoburuza tumbo chini bila kuelea ni nadra kupona. Walishwe vijidudu vya atemia vilivyoanguliwa siku hiyohiyo, mara kadhaa kwa siku, na mabaki yanyonywe kwa mpira mwembamba. Madume huanza kung'aa rangi wakiwa na wiki 4 au 5.