Matuta ya Usambara: hoja iliyoanguka kwa jambo lisilosemwa

Mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilianza mradi wa kuokoa udongo katika bonde la Mlalo, kwenye milima ya Usambara. Miaka michache baadaye mradi ukapanuliwa hadi sehemu nyingine za nchi ya Washambaa, ikiwamo Vuga, makao ya kale ya wafalme wa Kikilindi. Kabla Tanganyika haijapata uhuru, mradi ulikuwa umekwisha kufa. Mabwana shamba hawakukosea kuhusu mmomonyoko, kwa kuwa ulionekana kwa macho. Kosa lao lilikuwa katika yale waliyoyachukulia kuwa kweli bila kuyasema.

Ukiiandika kama swali la mtihani, hoja yao ilikuwa hivi. Mvua inasomba udongo wa miteremko. Matuta yanayokingama na mteremko hupunguza kasi ya maji. Kwa hiyo wakulima walazimishwe kulima matuta, na atakayekaidi atozwe faini au afungwe. Mtahiniwa anaulizwa: ili hitimisho hilo lisimame, ni jambo gani lisilotajwa ambalo lazima liwe kweli?

Maswali ya namna hiyo yamekuwapo tangu kabla ya mradi wenyewe. Mwaka 1941, katika Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York, Edward Glaser alitoa utafiti wake juu ya kuwafundisha vijana kuchambua hoja. Mtihani unaobeba jina lake na la Goodwin Watson una sehemu nzima ya kutambua dhana zilizofichika. Walimu wa mitihani ya aina hii hufundisha njia moja rahisi: chukua dhana unayoishuku, igeuze kinyume, kisha uirudie hoja. Ikiporomoka, umeipata. Ikiendelea kusimama, endelea kutafuta.

Tuijaribu Usambara. Dhana ya kwanza ni kwamba nguvu kazi ilikuwapo. Igeuze: tuseme haikuwapo. Wanaume wengi walikuwa wakishuka tambarare kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge ili wapate fedha, kodi ikiwamo. Jembe la nyumbani lilibaki mikononi mwa wanawake, ambao pia walipika, waliteka maji na kulea watoto. Kuchimba matuta kwenye mteremko mkali ni kazi ya kuvunja mgongo, tena inaangukia majira yale yale ya kupanda. Ukilikubali hilo, amri inageuka kuwa kodi mpya inayolipwa kwa jasho la mke wa mtu ambaye hayupo.

Dhana ya pili ni kwamba mkulima akiisha kulitengeneza shamba, litabaki kuwa lake. Washambaa walikuwa na sababu ya kutoamini hivyo. Wakati wa Wajerumani walishuhudia ardhi ikimegwa kwa ajili ya mashamba ya walowezi na hifadhi za misitu. Mtu aliyewahi kuliona hilo anapoambiwa alipendezeshe shamba lake, hujiuliza linapendezeshwa kwa ajili ya nani. Tena wengine walilima vipande vya kuazima. Kwa hao, jasho la leo lilikuwa faida ya mwenye shamba kesho.

Dhana ya tatu ndiyo iliyoigusa Vuga yenyewe: kwamba zumbe, yaani mtawala wa Kikilindi, akisema, watu watafuata. Waingereza walirudisha utawala wa Kikilindi mwaka 1926, wakaufanya mkono wao wa kutoa amri. Lakini heshima ya kiti cha Vuga haikutokana na barua ya serikali. Kwa mapokeo yanayoanza na Mbegha, mwanzilishi wa ufalme huo, katika karne ya 18, mfalme mwenye nguvu zisizo na mshindani huiponya nchi, mvua ikanyesha na chakula kikapatikana. Wakuu wakishindana, nchi huharibika. Mfalme Kimweri ye Nyumbai alipofariki mwaka 1862 na warithi wake wakapigana, wengi waliona kanuni hiyo ikithibitika mbele yao. Mwaka 1895 Wajerumani walimnyonga mfalme Mputa, na tangu hapo nguvu ya mwisho haikuwa tena mikononi mwa mtawala wa Vuga.

Kwa hiyo zumbe aliyesimamia matuta alijikuta pabaya. Kadiri alivyowatii Waingereza, ndivyo alivyozidi kuonekana kama mtu anayeidhuru nchi aliyopaswa kuiponya. Hata kabla mradi haujapanuliwa, mwaka 1947, baada ya malalamiko makubwa, mfalme Shebughe Magogo aliachia kiti, akafuatwa na Kimweri Mputa Magogo. Mwanahistoria wa Marekani Steven Feierman, katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu wakulima wenye fikra, ameonyesha kwamba wanakijiji hawa hawakuwa wakipiga kelele tu. Walikuwa wakijenga hoja, kwa lugha ya kuiponya na kuiharibu nchi.

Haki inataka nao wapimwe kwa kipimo kile kile. Hoja kwamba njaa imekuja kwa sababu mfalme amepoteza nguvu inaegemea dhana kwamba mvua hufuata utawala. Igeuze, nayo inaporomoka. Tofauti ni kwamba dhana hii haikufichwa: wazee walibishana juu yake waziwazi, na wengine hawakuikubali. Ya serikali haikuwekwa mezani, maana aliyetoa amri siye aliyeshika jembe.

Chama cha TANU, kilichodai uhuru, kilipoundwa mwaka 1954 kilikuta hasira ya matuta milimani, na hasira hiyo ikawa mtaji wa siasa. Mwaka uliofuata, huko Uluguru, amri kama hizo zilizaa ghasia. Hata Usambara serikali ilirudi nyuma mwishoni mwa muongo huo.

Wengi wangeliishia hapo, wakulima wakiwa washindi. Lakini walimu wa mitihani hutoa onyo moja zaidi: kuiangusha hoja si kuthibitisha kinyume cha hitimisho lake. Matuta yaliachwa, udongo ukaendelea kuteremka. Mwaka 1981 mradi mwingine, SECAP, ulianza Lushoto kwa msaada wa Wajerumani, ukihimiza mistari ya majani ya gwatemala na miti kukingama na mteremko. Majani yale huzuia udongo na pia hulisha ng'ombe wa zizini, kwa hiyo anayeyapanda huona faida ya jasho lake. Tatizo lilikuwa lile lile la 1946. Swali la nani atafanya kazi, na atapata nini, safari hii liliulizwa mapema.