Sifa ya jahazi, jua la Lamu na kanuni ya mwaka 1965

Leo naweka programu pembeni kidogo tuingie kwenye kemia. Msikimbie! Ni habari ya kupanga vitu katika makundi, kazi ambayo kila mwandika programu anaijua.

Aliyewahi kukaa Lamu anaijua harufu ya sifa, yale mafuta ya maini ya papa ambayo mafundi wa vyombo wamekuwa wakipaka mbao za jahazi na mashua zisiharibiwe na maji na jua. Ikishika nguo, basi tena. Mafuta hayo yana vitamini A kwa wingi, na D pia. Papa anaipata D kwa kula. Sisi tunaitengeneza wenyewe kwenye ngozi, na Lamu, iliyo kama digrii 2 tu kusini ya ikweta, haina shida ya jua.

Kazi yenyewe ina hatua mbili. Kwanza, mionzi ya urujuanimno inaipiga molekuli iitwayo 7-dehidrokolesteroli, na pete yake moja ya kaboni sita inafunguka. Hiyo sasa ni previtamini D. Kisha, kwa joto la mwili tu, atomi moja ya hidrojeni inahama kutoka upande mmoja wa molekuli hadi mwingine, na vitamini D inapatikana. Mtoto anayeikosa hupata matege. Mjerumani Adolf Windaus alipewa Nobel ya kemia mwaka 1928 kwa kuchunguza ukoo huu wa molekuli.

Hatua zote mbili wanakemia wanaziita mimenyuko ya perisikliki: elektroni zinahama kwa pamoja zikizunguka kama duara, bila kituo katikati. Lakini zamani hakuna aliyeziona kuwa ukoo mmoja. Kulikuwa na mmenyuko wa Claisen (1912), wa Diels na Alder (1928), wa Cope (1940). Kila mmoja na jina la mwenyewe, kama faili zilizopewa jina la aliyezihifadhi badala ya kilichomo! Wengine waliziita kwa utani mimenyuko isiyo na utaratibu.

Fundo lilionekana Leiden, Uholanzi, kwa Egbert Havinga na wenzake, karibu na mwaka 1960. Walichukua molekuli za ukoo wa previtamini D. Kwa mwanga, pete ilijifunga kwa msokoto wa namna moja. Kwa moto wa zaidi ya nyuzi 100, ilijifunga kwa msokoto wa namna nyingine. Molekuli ileile, elektroni zilezile 6, matokeo mbalimbali. Mwaka 1961 mwenzao Oosterhoff alidokeza kuwa siri iko katika ulinganifu wa obitali, yaani yale maeneo ambamo elektroni hukaa. Kwa maoni yangu watu hawa wa Leiden hawatajwi inavyostahili.

Mwaka 1965 Robert Woodward na Roald Hoffmann wa Harvard wakatoa kanuni kamili. Ukitaka, iandike kama fomyula yenye vitu viwili tu vya kuingiza: idadi ya elektroni, na joto au mwanga. Elektroni 6 kwa joto, ncha mbili za mnyororo huzunguka kila moja kwa upande wake. Elektroni 6 kwa mwanga, zote huzunguka mwelekeo mmoja. Zikiwa 4, geuza majibu.

Na makundi? Hesabu vifungo imara, vile vinavyoitwa sigma. Molekuli mbili zikiungana kuwa pete, vinaongezeka 2: hiyo ni sikloadisheni, kama ya Diels na Alder. Mnyororo ukijifunga kuwa pete kinaongezeka 1, pete ikifunguka kinapungua 1: elektrosikliki. Kifungo kikihama tu, hesabu ni sifuri: sigmatropiki, kama ya Cope na Claisen. Kuna vikundi vingine vidogo, tuviache. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya ngozi yetu ni elektrosikliki, ya pili ni sigmatropiki. Hii ya pili inatumia elektroni 8 kwa joto, na kanuni inadai hidrojeni iondoke uso mmoja wa molekuli itue uso wa pili. Mnyororo wa previtamini ni mrefu wa kutosha kujipinda hivyo. Mfupi usingeweza.

Hoffmann alipata Nobel mwaka 1981 pamoja na Kenichi Fukui wa Japani. Woodward alikuwa amefariki mwaka 1979. Mwaka 2004 mwanakemia E. J. Corey alidai hadharani kuwa wazo lilitoka kwake mwaka 1964, Hoffmann akapinga. Mimi simo.

Sasa swali: mvuvi wa Kizingitini anayeshinda baharini mwaka mzima, mbona hazidiwi na vitamini D, ambayo ikizidi ni sumu? Kwa sababu mwanga unaofungua pete unaweza pia kuifunga, kwa msokoto uleule wa mwelekeo mmoja. Previtamini ikikaa juani, nyingine inajifunga kuwa lumisteroli, nyingine inageuka takisteroli, na zote hizo hazifanyi kazi ya vitamini D mwilini.