Waimbaji wa gitaa wa Marekani, na wimbo wa simba uliotoka kwa Wazulu

Wiki mbili zilizopita, kwenye kipindi chetu cha jioni, tulipiga wimbo mmoja wa zamani wa Kiingereza unaohusu simba aliyelala msituni. Haukufika hata nusu, simu zikaanza kuingia. Mzee mmoja alituambia aliusikia kwenye redio ya mbao ya baba yake. Kijana mmoja akasema ni wimbo wa katuni, watoto wake wanauangalia kwenye simu kila siku. Mama mwingine akauliza: huo wimbo ni wa nani hasa?

Hewani tulijibu kwa haraka na hatukujibu vizuri. Tumekaa tukaandika jibu lenyewe hapa, bila picha nzito, ili bando lako lisiishe kabla ya kufika mwisho.

Kwanza, hao watu wa gitaa walikuwa nani

Miaka ya 1940 hadi 1960 kulikuwa na kundi la waimbaji huko Marekani ambao muziki wao uliitwa foku, yaani nyimbo za watu. Ni muziki wa gitaa kavu na banjo, wenye maneno yanayoeleweka na kiitikio ambacho kila mtu ukumbini anaweza kukidaka. Walichukua nyimbo za wakulima, wachimba makaa ya mawe, wafungwa na watumwa wa zamani, wakaziimba mijini.

Baba yao wengi humtaja Woody Guthrie, aliyezaliwa mwaka 1912 katika mji mdogo wa Okemah, jimbo la Oklahoma. Alitembea na wakulima waliokimbia ukame na vumbi kwenda California kutafuta vibarua, na nyimbo zake nyingi zinahusu safari hiyo. Kwenye gitaa lake aliandika kwamba chombo hicho kinaua mafashisti. Aliugua ugonjwa wa kurithi unaoharibu ubongo na mishipa ya fahamu, akakaa hospitali miaka mingi, akafariki mwaka 1967.

Mwaka 1961 kijana wa miaka 19 kutoka Minnesota alifika New York wakati wa baridi kali, na moja ya mambo ya kwanza aliyofanya ni kwenda kumwona Guthrie akiwa mgonjwa. Kijana huyo ni Bob Dylan. Julai 1965 alipanda jukwaa la tamasha la foku la Newport akiwa na gitaa la umeme na bendi nyuma yake, na sehemu ya watazamaji ikamzomea. Kwao ilikuwa kama mtu kuingia msikitini na viatu. Lakini kuanzia hapo maneno mazito ya foku yakaingia kwenye muziki wa roki, na roki haikurudi tena ilivyokuwa. Mwaka 2016 Dylan alipewa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi, ileile ambayo miaka mitano baadaye ilikwenda kwa mzaliwa wa Zanzibar, Abdulrazak Gurnah.

Wapo wengine wa kutosha. Joan Baez, mwenye sauti nyembamba inayopanda kama ya ndege, aliimba Washington tarehe 28 Agosti 1963, siku ile ya maandamano ambapo Martin Luther King alihutubia. Wote hao wanastahili makala zao. Leo tunabaki na mmoja, kwa sababu wimbo wa simba ulipita mikononi mwake: Pete Seeger.

Seeger na banjo yake

Seeger alizaliwa mwaka 1919, alikuwa mrefu na mwembamba, na alipenda kuimbisha watu. Mwaka 1948 yeye na wenzake watatu, Lee Hays, Ronnie Gilbert na Fred Hellerman, waliunda kundi la The Weavers. Mwaka 1950 walitoa Goodnight Irene, ukakaa namba moja Marekani kwa wiki 13.

Huo nao ulikuwa na mwenyewe. Walikuwa wameupata kwa Huddie Ledbetter, Mmarekani mweusi aliyejulikana kama Lead Belly. Mkusanyaji wa nyimbo John Lomax alimkuta gerezani Louisiana mwaka 1933 na kumrekodi humohumo. Lead Belly alifariki Desemba 1949, miezi michache tu kabla wimbo wake haujaimbwa nchi nzima. Shika hilo, maana tutalikuta tena.

Wakati huo Marekani ilikuwa imeingiwa na hofu ya ukomunisti. Wasanii waliitwa mbele ya kamati ya Bunge na kuulizwa wao ni wa chama gani, na marafiki zao ni akina nani. The Weavers walifungiwa milango ya redio na televisheni, kundi likavunjika. Seeger aliitwa mwaka 1955, akakataa kutaja watu. Mwaka 1961 alitiwa hatiani kwa kulidharau Bunge, na mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikaifuta hukumu hiyo. Kwa hiyo tunapofika kwenye suala la wimbo, msomaji asidhani tunamzungumzia mnyang'anyi. Tunamzungumzia mtu aliyekuwa tayari kwenda jela kwa ajili ya msimamo wake.

Sasa twende Johannesburg

Solomon Linda alizaliwa mwaka 1909 Msinga, Natal, katika nchi ya Wazulu. Alikulia kwenye ng'ombe, kama watoto wengi wa kijijini, na huko mchungaji wa mifugo alimjua simba kama adui wa kweli. Akaenda Johannesburg kutafuta kazi, na huko akaunda kundi la sauti tupu, bila ala, liitwalo The Evening Birds. Walivaa suti zinazofanana, na kwenye mashindano ya usiku walikuwa tishio.

Mwaka 1939 waliingia studio ya kampuni ya Gallo, ambako Linda mwenyewe alikuwa kibarua wa kupakia santuri. Wakarekodi wimbo unaoitwa Mbube, yaani simba kwa Kizulu. Walirekodi mara tatu. Kama umewahi kuimba kwaya utaelewa kinachotokea mle: besi na tena wanarudia neno moja bila kuchoka, uyimbube, wewe ni simba, na juu yao Linda anapanda kwa sauti ya juu kabisa, hana maneno, analia tu na kuzunguka. Karibu na mwisho wa mara ya tatu akatoa kijisauti kifupi ambacho hakikuwepo kwenye mazoezi. Kilimjia palepale. Noti hizo chache ndizo ambazo baadaye zilitiwa maneno ya Kiingereza, na ndizo mzee wetu alizisikia kwenye redio ya mbao.

Santuri ikauzwa sana kusini mwa Afrika, kwa maelfu kwa maelfu, na aina nzima ya uimbaji wa sauti tupu ikaanza kuitwa mbube. Linda alipewa shilingi 10, na haki za wimbo zikabaki kwa kampuni.

Santuri inavuka bahari

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Alan Lomax, mwana wa yule John, alimpatia Seeger santuri kadhaa za Afrika. Seeger akaisikiliza Mbube tena na tena, akajaribu kunakili maneno kwa sikio. Uyimbube ikasikika kwake kama wimoweh. The Weavers wakaurekodi kwa jina hilo, Wimoweh, ukapendwa.

Kwenye karatasi za usajili, mtunzi aliandikwa Paul Campbell. Hakuna mtu wa jina hilo. Lilikuwa jina la kubuni, ambalo kundi na mchapishaji wao walilitumia kwa nyimbo walizodhani hazina mwenyewe, za jadi, ili mapato yaingie kwao.

Hapa tusimame kidogo, maana ndipo penye mzizi. Watu wa foku walikuwa na desturi ya kuazima. Guthrie alichukua sauti za nyimbo za kanisani na kuzitia maneno mapya. Wimbo wa Dylan uliompa jina, Blowin' in the Wind, umekaa juu ya sauti ya wimbo wa zamani wa watumwa. Hata kwetu ndivyo. Wimbo wa kutwanga, wa harusi au wa jando hauulizwi mtunzi, kila kijiji kinaongeza ubeti wake. Ukiwa umelelewa katika desturi hiyo, unaposikia kwaya ya Kizulu kutoka mbali ni rahisi kudhani ni wimbo wa kabila, wa mababu. Lakini Mbube ulikuwa na mtunzi, jina lake lilikuwa kwenye santuri, na alikuwa hai anapakia maboksi.

Seeger alipojua, aliagiza mchapishaji ampelekee Linda malipo, na inajulikana kwamba hundi ya dola 1,000 ilitumwa. Alidhani mambo yameendelea hivyo. Hakufuatilia, na kwa maoni yetu hilo ndilo kosa lake.

Mwaka 1961 mtunzi George David Weiss aliandika maneno ya Kiingereza juu ya kile kijisauti cha mwisho, vijana wa kundi la The Tokens wakauimba kwa jina la The Lion Sleeps Tonight, na Desemba ukawa namba moja Marekani. Jina la Linda halikuwepo. Yeye alikuwa Soweto, figo zimeharibika, katika nyumba ambayo sakafu yake ilikuwa ya udongo uliosiribwa kwa samadi. Alifariki Oktoba 1962. Mjane wake hakuwa na fedha za kuweka jiwe la kaburi, na jiwe hilo lilikaa miaka 18 kabla ya kuwekwa.

Kesi na sheria ya zamani ya Waingereza

Wimbo ukaendelea kuzunguka dunia. Mwaka 1994 ukasikika kwenye filamu ya katuni The Lion King, ile ya mtoto wa msikilizaji wetu. Mwaka 2000 mwandishi wa Afrika Kusini Rian Malan alichapisha uchunguzi mrefu katika jarida la Rolling Stone, akakadiria kwamba matumizi hayo ya filamu na mchezo wake wa jukwaani peke yake yaliingiza dola milioni 15. Mabinti wa Linda walikuwa bado wanaishi maisha ya shida Soweto.

Wakili Owen Dean ndiye aliyepata njia, na aliipata mahali ambapo hakuna aliyetazama. Mwaka 1911 Uingereza ilitunga sheria ya hakimiliki kwa himaya yake yote, ikiwemo Afrika Kusini. Ndani yake kulikuwa na kipengele kinachosema mtunzi akiuza haki zake akiwa hai, basi miaka 25 baada ya kifo chake haki hizo zinarudi kwa warithi, hata kama alisaini nini. Linda alifariki 1962. Ongeza 25: tangu mwaka 1987, katika nchi zilizokuwa chini ya himaya hiyo, wimbo ulikuwa wa familia, na aliyeutumia huko alipaswa kuzungumza nao.

Kesi dhidi ya kampuni ya Disney ilifunguliwa mwaka 2004. Februari 2006 wakamalizana na Abilene Music, kampuni iliyokuwa ikishikilia haki za wimbo: familia ilipwe kwa yaliyopita, ipate fungu la yanayokuja, na Solomon Linda atambuliwe kuwa mtunzi mwenza. Kiasi hakikutangazwa.

Na Malaika?

Tulijua utauliza. Wimbo wa Malaika nao ulibebwa na kizazi hichohicho. Miriam Makeba na Harry Belafonte waliuweka kwenye albamu yao ya mwaka 1965 iliyoshinda tuzo ya Grammy, Seeger aliuimba, na mwaka 1981 Boney M. wakautoa kwa mtindo wa disko. Dunia ilimjua Fadhili William wa Kenya, aliyeurekodi Nairobi. Adam Salim wa Tanzania alisema aliutunga yeye mwaka 1945, na wapo wa Mombasa wanaomtaja Lucas Tututu. Hapa studio tumewahi kuwasikia wasikilizaji wakikaribia kugombana kwenye simu kwa ajili hiyo. Sisi hatuamui. Tunachoona ni kwamba, tofauti na Mbube, hapa hakukuwa na santuri ya mapema yenye jina moja ambayo wakili angeweza kuishika mkononi.

Kwa kwaya na vikundi vya ngoma vinavyotuletea kazi

Mwaka jana kikundi kimoja cha akina mama wa eneo letu kilisikia sauti zao kwenye tangazo la biashara. Aliyewarekodi kwa simu siku ya harusi aliwapa soda. Walipotujia kuuliza wafanye nini, hawakuwa na daftari la maneno, tarehe wala majina ya walioimba, na suala likafia hapo.

Kwa Tanzania, anayesajili kazi za wasanii ni COSOTA, na Kenya ni KECOBO. Katika nchi zote mbili hakimiliki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Andika jina la aliyetunga, walioimba na siku, piga picha ukurasa huo, utume kwa watu wawili unaowaamini. Ukiletewa karatasi ya kusaini, iache ilale kwako usiku mmoja, na msomee mwingine kabla ya kuirudisha.

Jumamosi hii saa 2 usiku, baada ya taarifa ya habari, tutapiga Mbube ya mwaka 1939 kwanza, ikwaruze hivyohivyo, kisha Wimoweh ya The Weavers, kisha ile ya mwaka 1961. Sikiliza mwisho wa ile ya kwanza. Kile kijisauti kinapita mara moja tu.