Kunasa, Kushikilia, Kuachilia: Istilahi za Mti Unaooza

Mkulima wa Ntalikwa, katika Manispaa ya Tabora, akipasua kuni za bani la kukaushia tumbaku hubaki na lundo la vibanzi. Amesikia mara nyingi kwamba kila kinachooza ni mbolea, basi anavichimbia shambani kabla ya mvua za Novemba. Mahindi yakifika magotini, majani ya chini yanaanza kugeuka njano, kutoka nchani kufuata mshipa wa kati. Aliloambiwa ni kweli, ila lilikatwa katikati. Nusu ya pili haina jina lililozoeleka kwa Kiswahili, na jina hilo ndilo tunalolitafuta hapa.

Tuanze na maneno tuliyo nayo, maana si machache. Kibanzi ni kipande chembamba kilichobanduka kwenye mti. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili anakijua, na anajua jinsi kinavyolinganishwa na boriti. Kinachotoka kwenye randa ya seremala ni maranda, na kinachomwagika chini ya msumeno ni unga wa mbao. Kuharibika nako kuna majina yake. Mbao iliyotobolewa na wadudu imebunguliwa. Nguzo iliyobaki ganda imeliwa na mchwa. Uji uliolala umechacha. Samaki aliyeanza kunuka amevunda, na kutokana na kitenzi hicho tumepata mbolea vunde. Kuoza ndilo neno pana kuliko yote: kitu kimebadilika ndani yake, hakirudi kilivyokuwa. Kwa hiyo mwalimu wa kemia asisite kusema uozaji. Neno mtengano linafaa chumvi inayotenganishwa kwa umeme, lakini kwenye udongo linawasahau viumbe, na mti hauozi pasipo viumbe.

Kwamba mti huoza pale viumbe hao wanapopata mahitaji yao, wajenzi wa tembe walilijua kwa macho. Wasafiri Burton na Speke walipofika Kazeh mnamo Novemba 1857, na Livingstone na Stanley walipokaa Kwihara mwaka 1872, nyumba za Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, zilisimama kwa miti na udongo. Nguzo ya namna hiyo huanza kuoza usawa wa ardhi, kwa sababu hapo unyevu na hewa hukutana. Juu yake ni pakavu mno, na chini kabisa hewa ni haba.

Ndani ya kibanzi mambo huenda hivi. Karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni selulosi, yaani minyororo mirefu ya glukosi. Sehemu nyingine ni hemiselulosi, na takribani robo ni lignini. Selulosi ni kama nondo, na lignini ni zege lililoimwagikia. Vimeng'enya vya kuvu na bakteria huikata selulosi kwa maji: kila kiungo cha mnyororo kikipokea molekuli moja ya maji, kinaachia, na sukari inayopatikana inaliwa. Lignini haikatiki kwa namna hiyo. Viungo vyake havina mpangilio unaojirudia, hivyo hakuna ufunguo mmoja unaovifungua vyote. Kuvu za uozo mweupe huishambulia kwa oksijeni, zikitumia vimeng'enya vinavyopokonya elektroni mpaka molekuli yenyewe inasambaratika. Kimojawapo, kutoka kwa kuvu iitwayo Phanerochaete chrysosporium, kilielezwa na wanasayansi nchini Marekani mwaka 1983. Tabora kazi hiyo ina wakulima wake wa kale: mchwa wa vichuguu vikubwa hutafuna mti, hujenga bustani chini ya ardhi, na humo huotesha kuvu ya Termitomyces iwasaidie kuuvunja. Uyoga tunaouchuma kwenye vichuguu mvua zinapoanza ni tunda la bustani hiyo.

Joto huharakisha yote haya. Kwa kadirio la kawaida, nyuzi 10 za Selsiasi zikiongezeka kasi hukaribia kuwa maradufu. Ila Tabora joto lipo mwaka mzima, maji ni ya msimu tu. Kuanzia Mei hadi Oktoba udongo ni mkavu na kuvu zimelala. Mvua ya kwanza inaziamsha kwa pamoja, wiki zile zile mkulima anapopanda. Ndipo unapozaliwa ugomvi wa kuvu na mahindi, wa kugombania naitrojeni.

Chukua kilo 100 za vibanzi vikavu. Kaboni humo ni kama kilo 50. Naitrojeni ni haba, tuseme gramu 200. Uwiano wake ni 250 kwa 1. Viumbe wanaoozesha wanahitaji takribani sehemu moja ya naitrojeni kwa kila sehemu 25 za kaboni, ili wajenge miili yao na kupata nguvu ya kufanya kazi. Kwa kilo 50 za kaboni watataka kilo 2, na kibanzi kina gramu 200 tu. Kilo 1.8 zilizopungua watazichukua kwenye udongo. Uozaji haumaliziki kwa siku moja, hivyo deni hilo hugawanyika kwa miezi. Lakini jumla yake ni naitrojeni iliyomo katika karibu kilo 4 za urea. Katika udongo wa kichanga, wenye mboji kidogo, mhindi hauna pa kukimbilia.

Hali hiyo ndiyo inayohitaji istilahi. Kiingereza kinatumia neno lenye maana ya kukifanya kitu kisitembee. Tukilifuata neno kwa neno tutapotea. Neno kufunga halifai, maana wengine hulitumia kwa kazi ya mikunde ya kuitoa naitrojeni hewani. Kuzuia nako kunapotosha: tunazuia malaria ili isiwepo, ilhali naitrojeni hii ipo, imo ndani ya miili ya kuvu na bakteria. Neno ninalolitetea ni kushikilia. Kila msikilizaji wa taarifa ya habari analijua: mtuhumiwa anashikiliwa na polisi. Hajapotea wala hajafa, ila hawezi kwenda shambani kwake mpaka aachiliwe. Naitrojeni nayo ni hivyo hivyo. Viumbe wakifa na kuozeshwa na wenzao, kaboni nyingi ikiwa imeshatoka kama hewa ya ukaa, naitrojeni hurudi kwenye udongo katika umbo ambalo mizizi hulinywa.

Hatua hiyo ya pili wapo watakaopenda kuiita umadinishaji. Lakini mwambie mtu wa Nzega kwamba shamba lake linatengeneza madini, atakimbilia sululu akatafute dhahabu. Uachiliaji unatosha, na unamkumbusha msomaji mwenzake, ushikiliaji. Kazi ya mikunde nayo tuiite unasaji. Tunapata vitenzi vitatu visivyogongana: mkunde unanasa, kuvu inashikilia, kifo cha kuvu kinaachilia.

Istilahi nzuri humwonyesha mtu la kufanya. Aliyeelewa ushikiliaji hatachimbia vibanzi vibichi kwenye mstari wa mahindi. Atavitandaza juu kama matandazo, ambako hugusana na udongo kwa tabaka jembamba tu, huku vikihifadhi unyevu. Au atavichanganya na samadi ya ng'ombe na majani ya mti wa glirisidia yenye naitrojeni nyingi, avirundike, na kusubiri uachiliaji uanze kabla ya kupeleka shambani. Ataelewa pia kwa nini watafiti wa kituo cha Tumbi, ndani ya Manispaa ya Tabora, walijaribu kilimo mseto cha miti inayonasa naitrojeni, kama Acacia crassicarpa, ili mkulima wa tumbaku apate kuni bila kumaliza mitundu na miuba ya msituni. Na atatambua tofauti ya bani na lundo: moto na kuvu vyote huirudisha kaboni hewani, lakini moto hupeleka naitrojeni pamoja na moshi, na lundo huiweka akiba ndani ya mboji.

Njia ya misafara iliifikisha lugha ya Kiswahili Tabora mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, na mpagazi hachukui mzigo usiobebeka. Istilahi nazo zipimwe hivyo. Walimu, maafisa ugani na waandishi wa vitabu vya kilimo, naomba tuyajaribu maneno haya matatu shambani kabla ya kuyaingiza katika kamusi. Na tusimwambie tena mkulima kwamba kila kinachooza ni mbolea. Tumwambie kwamba kila kinachooza kitakuwa mbolea, ila mti hushikilia kwanza, ndipo uachilie.